Gari Limetunzwa, Aliyelisukuma Yuko Wapi?

Niseme mapema, ili asiyependa ugomvi apate nafasi ya kuruka kurasa hizi na kwenda kwenye mashairi ya mapenzi: mimi ni mtu mzima, kadi ya kupigia kura ninayo, ndevu nanyoa, na ninakusanya vigari. Siyo vigari vya kila namna. Nakusanya vile vidogo vya chuma, vinavyotosha kiganjani, vilivyofananishwa na magari yaliyokimbia zamani katika mashindano ya Safari Rally. Ninavyo kumi na kimoja. Vimepangwa kwenye rafu moja na vitabu vyangu, na havina nia ya kuhama.

Natoa tangazo hili kwa sababu jina langu limetafunwa sana kijiweni na katika vikao vyetu vya waandishi chipukizi. Eti nimeshindwa maisha. Eti mtu aliyemaliza kidato cha nne miaka kadhaa iliyopita, hana ajira ya maana, anajiita mwandishi wa riwaya, halafu jioni anafuta vumbi kwenye matoi! Mmoja wenu, ambaye ni rafiki yangu na ataendelea kuwa rafiki yangu, alitamka mbele ya watu kwamba mwandishi wa Kiafrika hana ruhusa ya kupoteza muda na vitu vya kitoto wakati jamii inaumia. Palipigwa makofi. Makofi hayo ndiyo yaliyonishikisha kalamu leo.

Mashtaka ni matatu: utoto, uzungu na ufujaji. Nitayajibu yote, moja baada ya jingine. Kisha na mimi nitashtaki, maana sikuja hapa kujitetea tu.

UTOTO

Mtoto akipewa kigari anakiendesha. Anakiburuza mchangani, anakigonga na mguu wa meza, anakipigia honi kwa mdomo, na jioni kimeshapoteza tairi. Hilo ni jambo jema na ndiyo kazi ya mtoto. Mimi siviendeshi. Mimi navisoma, na anayecheka neno hilo anieleze kwanza yeye husoma nini anaposema anasoma.

Chukua modeli ya Datsun 240Z iliyoshinda Safari mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na msoma ramani wake Hans Schüller. Modeli ni ya kipimo cha moja kwa arobaini na tatu, yaani ukizipanga arobaini na tatu kwa mstari, pua ya moja ikigusa mkia wa nyingine, ndipo unapata urefu wa gari lenyewe. Ni nyekundu, boneti ni nyeusi, ubavuni ina namba 11. Sasa uliza. Kwa nini boneti nyeusi isiyong'aa? Ili jua lisigonge rangi likamrudia dereva machoni. Kwa nini taa za ziada zimejazana mbele? Kwa sababu usiku haukuwa wa kulala. Kwa nini magari ya miaka ya 1990 yana vyuma vinene mbele ya bampa, na bomba la kuvutia hewa limepandishwa pembeni ya kioo hadi karibu na paa? Kwa sababu barabara zilikuwa za watu wote, hazikufungwa: kwenye kona unaweza kukutana na ng'ombe, punda au basi lililojaa abiria, na baada ya kona kuna mto umefurika na daraja halionekani.

Kila kichuma kwenye kigari kile ni jibu la swali lililoulizwa na barabara yetu. Si barabara ya Ufaransa wala ya Uingereza. Yetu. Kigari cha Monte Carlo hakina bomba la hewa pembeni ya kioo, kwa sababu huko adui alikuwa barafu na theluji. Mtu akikutenga na Afrika Mashariki miaka hamsini, ukawa na kigari hicho tu mfukoni, bado utajua masika yetu yanafananaje. Nionyesheni kitabu chetu cha ukubwa huo kinachosema mengi kiasi hicho.

Halafu kuna jinsi vinavyotengenezwa. Zinki huchanganywa na alumini, magnesiamu kidogo na shaba, ikayeyushwa, ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya feleji. Ikiganda inatolewa, kingo zinasafishwa, rangi inapakwa, mwisho namba na majina yanapigwa chapa kwa herufi ambazo bila miwani ya kukuzia huzioni. Lakini zinki ile ikiingiwa na risasi, hata chembe tu, pana balaa. Kigari kinatoka kiwandani kizuri kabisa. Kinauzwa, kinapendwa, kinawekwa kabatini. Miaka inapita, kisha nyufa zinaanza, na hazianzi juu kwenye rangi, zinaanza ndani. Boneti inavimba, mlango unajikunja, siku moja unakishika kinabaki vipande. Vigari vingi vilivyotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili vimekufa kifo hicho.

Nimesoma miswada iliyokufa hivyo hivyo, na miongoni mwenu wapo walioiandika. Juu inang'aa: misamiati mizito, maombolezo ya taifa, mhusika anayehutubia kurasa sita. Ndani mwandishi ametia chembe ya uongo. Kaandika kijiji asichowahi kukanyaga, fundi ambaye hajui spana namba kumi na tatu inafungua nati gani, mvua isiyoacha tope. Mnaniambia vigari ni utoto. Mimi nasema kutojali undani wa kitu ndio utoto wenyewe.

UZUNGU

Shtaka la pili linatamkwa kwa sauti nzito kuliko yote: eti ni uzungu, eti mbio zile walianzisha wakoloni. Kweli walianzisha wao, na sifichi. Ilikuwa mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na jina lake la kwanza liliitwa East African Coronation Safari. Lakini hata reli walijenga wao, na hamjakataa kupanda treni. Hata riwaya, ndugu zangu, umbo lake hatukulichimba Kariakoo.

Swali siyo nani alianzisha. Swali ni kilichotokea baadaye, na kilichotokea baadaye hamkijui. Mbio zilikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, wakati wa Pasaka, katikati ya masika, kwa maelfu ya kilomita. Timu za viwanda vikubwa vya Ulaya zilikuja na mafundi wao, vipuri vyao na madereva wao mashuhuri. Zikashindwa. Zikarudi mwaka uliofuata, zikashindwa tena. Kuanzia mwaka 1953 mpaka 1971 hakuna dereva aliyetoka ng'ambo aliyeondoka na ushindi. Wa kwanza alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972, akiwa na Gunnar Palm kwenye Ford Escort. Miaka yote hiyo kabla yake, waliojua tope letu ni waliokuwa wakiishi nalo.

Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza saba tena. Saba! Katika darasa langu la kidato cha nne tulifaulu wengi kuliko hao, na mnajua matokeo ya shule yetu yalivyokuwa.

Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi magari kabla hajawa bingwa, akiwa na ndugu yake Jaswant kwenye Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya bali ilikwisha kutumika. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, mkazi wa hapa hapa Tanzania, na mwenzake Chris Rothwell, kwenye Peugeot 404. Ngapi kati yenu mliwahi kusikia kwamba gari la mkazi wa Tanzania lilishinda mara mbili mfululizo? Mkataa kwao mtumwa, walisema wahenga. Nami naongeza: asiyekujua kwao hata hicho cha kukataa hana.

Sasa nifike pale penye kidonda. Kampuni ya Corgi Toys, iliyokuwa na kiwanda Swansea, Wales, ilitoa mwaka 1965 kigari cha Volkswagen 1200 katika vazi la East African Safari. Mimi sinacho, nimekiona kwenye picha tu, maana bei yake huko nje haizungumziki. Ni chekundu kinachoelekea machungwa, kina tairi la akiba juu ya paa. Na ndani ya boksi, pamoja na gari, mnunuzi alipewa sanamu. Si sanamu ya dereva, wala ya msoma ramani, wala ya fundi aliyekunja mikono ya shati. Alipewa kifaru.

Mwaka uliofuata, 1966, kampuni hiyo hiyo ikatoa Mini Cooper S ya Monte Carlo. Juu ya paa la kigari hicho zilipigwa chapa sahihi mbili: ya Timo Mäkinen na ya Paul Easter. Sahihi za watu, kwa mwandiko wao. Na msisahau kwamba Mini zile zilifika za kwanza Monte Carlo mwaka huo zikaondolewa kwenye matokeo kwa sababu ya taa, ushindi akapewa Pauli Toivonen wa Citroën. Hawakuhesabiwa kuwa washindi, lakini majina yao yamekaa juu ya paa mpaka leo.

Haya, pimeni wenyewe. Mzungu aliyenyang'anywa ushindi anatiwa sahihi. Afrika Mashariki, katika mwaka ule ule ambao Joginder Singh wa Kericho aliwashinda wote, inatiwa kifaru. Mtoto wa Birmingham aliyefungua boksi lile asubuhi ya Krismasi alijifunza kwamba huku kwetu kuna barabara na kuna mnyama, basi.

Mtasema, "Umeona? Ndiyo maana tunasema ni uzungu." Hapana. Ndiyo maana lazima tuvisome! Nani kati yenu, katika mihadhara yenu yote ya kupinga ukoloni, amewahi kunipa ushahidi ulio wazi kama boksi lile? Mnaimba "ukoloni wa fikra" kama kiitikio cha kwaya. Mimi nawaonyesha ukoloni wa fikra wenye urefu wa kidole na pembe mbili puani.

UFUJAJI

Hapa sitakaa sana. Nane kati ya vigari vyangu nimeviokota kwenye mitumba, pale Mchikichini, vikiwa vimechanganyika na roboti zisizo mikono na magari ya polisi ya plastiki. Muuzaji hajui Lancia wala Peugeot, anauza kwa uzito wa macho. Kimoja nilikilipia bei ya chipsi mayai, na siku hiyo kweli sikula chipsi mayai. Vitatu vilivyobaki niliviagiza kupitia kwa jamaa wa meli. Modeli mpya iliyo nzuri bei yake inakaribia kodi ya chumba changu ya mwezi, ndiyo maana ni vitatu tu na ndiyo maana sitegemei cha nne hivi karibuni.

Anayeniita mfujaji ahesabu chupa zake za Jumamosi, tuwekeane mahesabu mezani. Nimemaliza.

SASA NASHTAKI MIMI

Naanza na wa upande wangu, wakusanyaji wenzangu, maana siwezi kuonekana nawapendelea. Wapo wachache hapa mjini na wengi huko duniani. Hawa wana dini yao na dini yenyewe ni boksi. Kigari kisitolewe ndani ya boksi, boksi lisipinde kona, karatasi ya plastiki isichanike. Wanakiweka gizani kama maiti ya mfalme na wanasubiri bei ipande. Ukimwuliza mmoja Mbulu iko wapi, hajui. Ukimwuliza kwa nini gari lake lina vyuma mbele, atakujibu kwamba toleo lenye vyuma ni adimu.

Kichekesho chao kikubwa ni stika za sigara. Opel Ascona 400 ya Ari Vatanen, iliyoshinda Safari mwaka 1983, ilikimbia na rangi na jina la Rothmans. Modeli nyingi za magari ya namna hiyo hutolewa bila jina la sigara, kwa sababu ya sheria za matangazo ya tumbaku. Basi mkusanyaji akiona pale mahali peupe, damu inamchemka! Ananunua karatasi za stika kando, anachukua kibano na bakuli la maji, anabandika herufi moja moja usiku kucha, mpaka ukweli wa kihistoria urudi ubavuni mwa gari. Namsifu, kazi ya mikono ni kazi. Lakini namuuliza: ndugu, limekosekana jina la kampuni ya sigara, umekosa usingizi. Wamekosekana watu wote waliolitoa gari lile kwenye tope, umelala fofofo?

Maana walikuwapo. Tazama picha yoyote ya zamani ya mashindano hayo wakati wa mvua. Gari limezama hadi kwenye madigadi. Dereva yuko ndani, mguu kwenye mafuta. Na nyuma, na ubavuni, na mbele wakivuta kamba, ni watu. Suruali zimekunjwa hadi magotini, wengine peku, mmoja meno yote nje kwa kucheka, mwingine uso haumwonekani kwa tope alilorushiwa na tairi. Chini ya picha yameandikwa majina mawili, ya dereva na ya msoma ramani. Waliobaki wameandikwa "wenyeji", kama wameandikwa kabisa.

Modeli imelitunza gari mpaka mdomo wa kibomba cha moshi. Jina la dereva limetunzwa kwenye kioo kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Aliyesukuma hakutunzwa na kiwanda, na si kazi ya kiwanda. Zinki haiwezi kummimina mtu huyo. Hiyo ni kazi ya nani?

Ni kazi yenu, waheshimiwa mliopiga makofi.

Ninyi ndio mnaosema mwandishi ni sauti ya wasio na sauti. Basi nitajieni riwaya. Nitajieni hadithi fupi hata moja ya Kiswahili ambayo mtu aliyesukuma Peugeot 404 usiku wa Pasaka ndiye mhusika mkuu. Nimeuliza maktaba, nimeuliza wauza vitabu vya zamani barabarani, nimewauliza walimu wangu. Sijaipata. Kama ipo, nileteeni, nitaisoma kwa kusimama.

Au chukueni maisha ya Shekhar Mehta. Kigari chake cha mwaka 1973 ni Datsun 240Z yenye namba 1. Ni kizuri, kinapendeza, watu wanakigombea. Kinachosema ni namba, rangi na jina. Kisichosema ni hiki: Mehta alizaliwa Uganda, katika familia ya Wahindi wenye mashamba. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Wahindi, familia ikakimbilia Kenya. Mwaka mmoja baadaye mtu huyo aliyefukuzwa upande mmoja wa Afrika Mashariki anashinda mbio za Afrika Mashariki. Na anashinda kwa unywele: alilingana pointi na Harry Källström wa Sweden, ikabidi kanuni ya kuamua sare itumike. Baadaye akashinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 mpaka 1982. Ushindi mara tano. Amefariki mwaka 2006, hakuna aliyemfikia mpaka siku hiyo.

Jamani, hiyo si riwaya? Mtu anafukuzwa kwao, anarudi kupitia njia ya vumbi kwa kilomita mia moja na sitini kwa saa! Mngeisikia kutoka Amerika ya Kusini mngeiita fasihi. Kwa kuwa imo kwenye kigari cha kuchezea, mnaiita utoto.

Na Patrick Njiru, Mkenya aliyemaliza wa nne mwaka 1994 kwenye Subaru Impreza? Colin McRae aliyeshinda mwaka 1997 kwa Subaru nimemwona katika modeli za ukubwa wa aina tatu. Njiru sijamtia machoni kwenye meza ya muuzaji hata mmoja. Sisemi kiwanda kina chuki. Kiwanda kinatengeneza kinachoulizwa. Kinachoulizwa ni kilichosimuliwa. Na sisi hatujasimulia.

Tena kuna vigari ambavyo mkusanyaji hakusanyi na mwandishi haandiki. Vile vya waya. Kila mvulana aliyekulia uswahilini au kijijini anavijua: waya wa kuokota, tairi za kukatwa kwenye ndala zilizochakaa, usukani mrefu wa kuendeshea ukiwa umesimama, na ubavuni namba imeandikwa kwa mkaa. Namba ile mtoto hakuibuni. Aliiona ikipita, au baba yake aliiona ikipita. Modeli ile haikutengenezwa na kampuni, haina boksi wala kipimo cha moja kwa arobaini na tatu, na ilitengenezwa na shahidi wa macho. Corgi Toys walitengeneza Safari bila kupigwa na vumbi lake. Mtoto yule alikuwa bado analikohoa. Ziko wapi modeli hizo leo? Zilirudi jalalani kuwa waya. Nani aliziandika? Kimya.

MUDA UNAKIMBIA

Mnadhani mambo haya yatatusubiri mpaka tumalize kubishana kuhusu nadharia za fasihi. Hayatusubiri. Joginder Singh alifariki mwaka 2013. Kijana wa miaka ishirini aliyesukuma gari mwaka 1965 sasa amevuka themanini, kama yupo. Mbio zenyewe zilituacha zamani: kufikia katikati ya miaka ya 1970 njia ilikuwa imebaki Kenya peke yake, na mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ikavunjika. Walioziona huku kwetu ni wazee tu. Kila msiba mmoja ni ukurasa umechomwa.

Na kosa lile lile linarudiwa mbele ya macho yetu. Mwaka 2002 Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mashindano ya mwaka huo. Ikarudi mwaka 2021, safari hii kuzunguka Naivasha, kwenye njia zilizofungwa za Kedong, Soysambu na Hell's Gate. Alishinda Sébastien Ogier kwenye Toyota Yaris, na modeli za gari lake zimeshatengenezwa na zimeshauzwa, vumbi la Kedong likiwa bado kwenye nguo za watazamaji. Viwanda havilali. Hadithi ya muuza mahindi ya kuchoma aliyesimama pembeni ya ile kona iko wapi? Mnasubiri mgeni aje aiandike, kisha muikosoe kwamba ameiandika vibaya?

Napendekeza, kwa adabu zote ninazoweza kukusanya nikiwa na hasira, tuache kukutana kila wiki kusomeana mashairi kuhusu ukombozi. Tuchukue ramani ya zamani ya mbio zile. Aliye na shangazi Usambara aende kwa shangazi yake. Aliye na babu Mbulu au Babati aende kwa babu. Aulize maswali ya mtu anayejua kusoma kigari: Gari lilikuwa na rangi gani? Namba yake? Tope lilikuwa jekundu au jeusi? Nani alipiga kelele ya kuhesabu mliposukuma, na alihesabu kwa lugha gani? Mlilipwa? Mlilipwa nini? Dereva alisema neno gani, au hakusema? Nani aliumia? Nani alirudi nyumbani akapigwa na baba yake kwa kuchafua suruali ya kanisani siku ya Pasaka?

Hayo ndiyo yatakayotofautisha riwaya na hotuba. Na mhariri wa jarida hili, ambaye ananisoma hapa akiwa ameshika kalamu nyekundu, namwomba atenge kurasa mbili katika kila toleo kwa ajili ya masimulizi hayo. Karatasi zikiwa ghali, apunguze mashairi ya mapenzi. Najua nitachukiwa.

Kwa upande wangu naanza na Mbulu. Nauli nimeipata kwa kuuza kigari kimoja, Lancia Delta yenye rangi za Martini, kwa mkusanyaji mmoja aliyeniuliza kwanza kama boksi lake lipo. Boksi halikuwapo, akanipunguzia bei. Ninazo siku nne, madaftari mawili, na jina la mzee ambaye naambiwa mkono wake wa kushoto haunyooki tangu gari la Mzungu lilipomrudia nyuma kwenye tope. Nikimkuta hai nitamwomba radhi kwa kuchelewa, kisha nitamuuliza lilikuwa namba ngapi.